Pakiti ya Elfu Tisa

Nchi yangu haina tatizo la intaneti. Nalisema hili mapema na kwa sauti, ili yule anayesoma kwa niaba ya wakubwa aliandike, afunge daftari lake na kwenda zake kula. Sisi tuliobaki tuendelee.

Naitwa Zabloni, karani. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao vya Kamati ya Taifa ya Kasi, na nimeiandika miaka minane bila kukosea cheo cha mtu hata mara moja. Jina la nchi silitaji. Kulitaja bila kuongeza neno "Tukufu" ni kosa la jinai, na kulitaja pamoja na "Tukufu" kunanitia kichefuchefu, basi tuliache lilivyo.

Kwanza mjue desturi yetu moja, maana bila kuijua mtadhani sisi ni wajinga. Kwetu, kitu kikishaguswa na Mkuu wa Nchi siku ya uzinduzi, hakiguswi tena na mtu mwingine. Alifungua bomba la maji pale sokoni, na bomba hilo huu mwaka wa nne halijafungwa. Soko limegeuka bwawa na wauza nyanya wanavaa mabuti. Alikanyaga daraja la kwenda Mwishoni, wilaya yetu ya mbali kuliko zote, na tangu siku ile daraja limezungushiwa kamba nyekundu na askari wawili wanalilinda. Magari hupita chini yake, majini, na mvua ikinyesha hayapiti kabisa. Wageni wakishangaa tunawaambia ni heshima. Wengine hutikisa kichwa wakatupongeza, sijui kwa lipi.

Basi siku ya kuzindua Mtandao wa Taifa, Mkuu aliandaliwa meza yenye kitambaa cha kijani, kompyuta moja, na kiti kilicholetwa kwa lori lake peke yake. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo: aandike namba moja, abonyeze, tupige makofi, tukale pilau. Namba yenyewe ilikuwa ukubwa wa pakiti.

Injinia Kulthumu, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, ndiye aliyeujenga mtandao ule tangu waya wa kwanza. Aliinama akamweleza Mkuu kwa adabu zote.

"Mheshimiwa, kitu chochote mtu anachotuma hakisafiri kizima. Kinakatwa vipande, kila kipande kinafungwa na kuandikwa anwani. Kipande hicho ndicho pakiti. Njia zetu zinapitisha pakiti ya elfu moja na mia tano, ikizidi hapo haipiti. Kwa hiyo hapa tunaandika moja, tano, sifuri, sifuri."

"Jirani zetu wameandika ngapi?" Mkuu akauliza.

"Hiyohiyo, Mheshimiwa. Karibu dunia nzima ni hiyohiyo."

Mkuu akavua miwani, akaipangusa taratibu kwa kile kitambaa cha kijani. "Kwa hiyo mmenitoa ikulu na msafara wa magari sitini ili nije kuwa sawa na jirani?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa, baadaye akahamishwa kituo cha kazi.

"Nchi kubwa haitumi vitu vidogo vidogo kama mchuuzi wa karanga," akasema Mkuu, na kwa kidole chake mwenyewe cha shahada akaandika tisa, sifuri, sifuri, sifuri. Akabonyeza.

Tulipiga makofi dakika kumi na nne. Waziri wa Kasi, Mheshimiwa Bonifasi Ndomba, alilia machozi ya kweli. Kamasi zikamchuruzika mpaka kwenye tai na hakuzifuta, kwa sababu kamera zilikuwa zinamtazama. Kibodi ile ikachukuliwa siku hiyohiyo na kupelekwa makumbusho, ikawekwa ndani ya kioo, na vitufe vya tisa na sifuri vikavishwa mashada madogo ya maua. Injinia Kulthumu hakupiga makofi. Nilimwona, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, niliandika kwamba alipiga.

*

Kilichofuata mwenye akili angekitabiri, lakini mwenye akili hakuwa na cheo. Pakiti ya elfu tisa inafika kwenye njia ya elfu moja na mia tano, haiingii, inatupwa.

"Ni kama kupitisha kabati kwenye dirisha la choo," Injinia Kulthumu aliniambia siku moja tukinywa chai ya rangi kantini. "Tena ubaya wake haipigi kelele, Karani. Aliyetuma anadhani imekwenda. Anayepokea anasubiri. Hakuna anayeambiwa kitu."

Vitu vidogo vilipita. Ujumbe wa maneno machache haujazi pakiti, basi unateleza bila shida. Simu za sauti zilipita. Salamu zilipita. Hongera, Mungu azizidishe, zilipita kuliko vyote: ukimwandikia Mkuu "Hongera kwa kasi", inafika kabla hujainua kidole. Na kwa vile Kamati yetu ilipima kasi ya nchi kwa kutuma neno "Hongera" kila Jumatatu saa mbili asubuhi, taarifa zetu zilikuwa safi kuliko za nchi yoyote. Nilizichapa mwenyewe nikazipiga mihuri.

Wananchi wakaanza kulalamika. Wananchi bwana, hata ukiwapa pepo watasema kuna jua. Mwalimu anatuma mitihani, haifiki. Mkulima anatuma picha ya ng'ombe kwa mnunuzi, haifiki. Mheshimiwa Ndomba akaenda redioni kuwajibu.

"Mtandao ni mzima," alisema. "Tatizo ni wananchi wanaotuma vitu vikubwa kuliko hadhi yao. Mtu anatuma ng'ombe mzima. Ng'ombe mzima, jamani, wa nini? Mnunuzi makini anatosheka na sikio."

Watu wetu ni watiifu. Wakaanza kukata picha zao vipande vidogo vidogo na kuvituma kimoja kimoja. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo alitumiwa picha ya harusi ya bintiye kwa namna hiyo. Alianza kupokea viatu, na sura ya bwana harusi ilipomfikia, miezi mitatu baadaye, ndoa ilikuwa imeshavunjika. Waziri alilitaja jambo hilo bungeni kama mfano wa subira. Wabunge waligonga meza.

Injinia Kulthumu aliandika barua kumi na tisa za kuomba namba ibadilishwe. Ni nusu dakika tu, aliandika katika kila moja, nusu dakika na namba nne. Alijibiwa mara moja tu, kwamba namba iliguswa na Mkuu na haiwezi kuguswa isipokuwa na kidole kilekile. Kamati ikaunda Kamati Ndogo ya Kidole kushughulikia suala hilo. Ilikutana, ikapata viburudisho, ikaahirisha, na hiyo ndiyo kazi yake mpaka leo.

*

Ulipokaribia mwaka wa tatu wa Elfu Tisa, likatoka agizo kwamba kila mnara wa simu nchini upambwe kwa namba hiyo, ya chuma, kila tarakimu urefu wa mtu mzima. Mnara wa Mwishoni alipewa Fundi Kibwana.

Kibwana nilimfahamu. Alikuja mjini kwa mafunzo ya wiki mbili, mtu mfupi, mcheshi, anayekula pilipili mbichi kama karanga. Kila akinikuta na daftari langu alinitania: "Karani, lini utaandika ukweli japo kwa makosa?" Fomu yake ya kazi niliijaza mimi. Jamaa wa karibu: Sikudhani, mke, na namba yake ya simu. Aliponitajia jina hilo alitabasamu mpaka nikaona haya mimi.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Kibwana alikuwa juu ya mnara wa Mwishoni. Alikuwa ameshafunga tisa na sifuri mbili. Sifuri ya tatu ikiwa bado inaning'inia kwenye kamba, upepo ukaizungusha, ikampiga kichwani, akaanguka nayo. Mnara ule hadi leo unasomeka mia tisa.

Kwa kuwa ajali ilihusu Elfu Tisa, taarifa ililetwa kwanza kwenye Kamati yetu. Mheshimiwa Ndomba aliisoma mara mbili, akaniinulia uso uliojaa wasiwasi.

"Sifuri iko salama?"

Niliandika swali hilo. Sikujua pa kuliweka, nikaliweka chini ya "Mengineyo".

Saa tano simu ya mezani ikalia. Alikuwa Daktari Elisifa, daktari pekee wa hospitali ya Mwishoni. Injinia Kulthumu, aliyekuwa ameitwa kueleza uzito wa sifuri, akaipokea na kuiweka kwa spika tusikie wote.

"Damu inavujia ndani ya fuvu," alisema Daktari Elisifa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia asipige kelele. "Lazima nimtoboe fuvu niitoe. Picha ya kichwa nimeipiga, mashine ninayo, ila msomaji sina. Mimi naona ukungu pande zote mbili. Nikitoboa pasipo nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Bingwa Makame wa Hospitali Kuu husoma picha hizi kila siku, dakika mbili zinamtosha. Nimempigia, yuko tayari, anasubiri. Lakini picha haiendi. Natuma tangu saa nne, haiendi!"

"Una muda gani, daktari?" Injinia Kulthumu akauliza.

"Mpaka saa tisa. Baada ya hapo tutakuwa tunadanganyana."

Nyuma yake tulisikia mwanamke akiuliza, "Wamesemaje? Wamesemaje huko mjini?" Nilijua ni Sikudhani.

*

Kikao cha dharura kilianza saa tano na nusu, na kwa kuwa kilikuwa cha dharura, chakula kililetwa mapema. Mheshimiwa Ndomba aliagiza maini ya rosti. Nililazimika kukaa upande wake wa kulia kama kawaida, na nawaambieni kweli, sijawahi kumwona mtu akila kwa utulivu namna ile huku mwenzake anakufa. Mchuzi ulimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, akaulamba. Alipomaliza kipande kigumu alichukua kalamu yangu bila kuniomba, akachokonolea meno kwa kifuniko chake, akaniwekea tena mbele yangu ikiwa na unyevu. Nikaishika. Nikaendelea kuandika nayo.

"Mheshimiwa," Injinia Kulthumu alisema akiwa amesimama, "nakuomba nusu dakika. Naandika elfu moja na mia tano, picha inapita, narudisha elfu tisa. Hata Mkuu hatajua."

"Unanifundisha mimi nimfiche Mkuu?"

"Nakufundisha kumwokoa mtu."

"Wewe mama una haraka," Waziri akasema, wala hakukasirika. "Mambo ya nchi hayaendi kwa haraka. Ndiyo maana kuna Kamati ya Kasi."

Mjumbe mmoja akapendekeza kidole kifuatwe. Ikaelezwa kwamba kidole kiko nchi jirani, pamoja na Mkuu mzima, ambaye anatibiwa jino. Waziri alitueleza kwa fahari jinsi picha ya jino lile ilivyosomwa na mabingwa wa nchi tatu kabla Mkuu hajafunga mdomo. "Huko wenzetu wana kasi," alisema, akajipangusa midomo. Hakuna aliyecheka. Nilitazama meza nzima, uso kwa uso, kutafuta hata mmoja aliyeona aibu, nikaona watu wanaotafuna.

"Hata hivyo hatuwezi kumwacha daktari bila mwongozo," Waziri akaendelea. "Mwambieni akate kichwa vipande vipande."

"Picha ya kichwa, Mheshimiwa?" nikauliza, kwa ajili ya mhtasari.

"Hichohicho. Akikate vidogo vidogo, atume kimoja kimoja. Wananchi wa kawaida wanaweza, itakuwa yeye aliyesoma?"

Injinia Kulthumu aliondoa miwani yake. Macho yalikuwa mekundu. "Vipande vya picha ile ni maelfu," alisema. "Kuvituma kimoja kimoja ni wiki mbili. Kibwana ana saa tatu. Mnanisikia? Mtu anakufa hapa, huku nyie mnakula!"

"Injinia," Waziri akasema kwa upole wa baba anayemkanya mtoto mbele za wageni, "watu tunao wengi. Elfu Tisa tunayo moja tu."

Wajumbe wakagonga meza. Mjumbe mmoja aligonga kwa kijiko. Injinia Kulthumu alitutazama sote kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga uchochoroni, akakusanya mkoba wake na kutoka. Niliandika kwamba alitoka kwa udhuru.

*

Saa sita na dakika kumi nchi yangu ilipata intaneti.

Kwanza hatukuelewa ni nini. Tulisikia kelele mtaani, tukadhani ni mpira. Kumbe yule mkulima ng'ombe wake amefika, mzima, pembe na mkia. Kumbe mwalimu mitihani yake imepita yote. Mama muuza mandazi nje ya jengo letu aliona uso wa mwanawe aliye ng'ambo ukicheka na kusema naye palepale, akatupa karai, akapiga vigelegele akiwa amekaa chini vumbini. Vijana walikimbia barabarani na simu zao juu, wakionyeshana. Watu walikuwa wakikumbatiana na wasiowajua. Sijawahi kuwaona watu wetu hivyo hata siku ya uhuru, ambayo huwa tunalipwa posho ya kushangilia.

Ndani ya chumba cha kikao Mheshimiwa Ndomba aligeuka rangi. "Tumevamiwa!" akapiga kelele. "Kuna kitu kinapita! Fungeni milango!"

Askari kumi na wawili walitumwa chumba cha mitambo. Walimkuta Injinia Kulthumu ameketi, amekunja mikono, anatazama kwenye skrini mstari wa kijani unaoonyesha picha ya Mwishoni ikisogea. Walimwamuru asimame. Akawaambia, "Ngojeni kidogo, wanangu." Na wale askari, sijui kwa nini, wakangoja. Mstari ulipofika mwisho akasimama mwenyewe na kuwapa mikono wamfunge. Walimnyang'anya simu na miwani.

Ikabaki shida ya kurudisha elfu tisa, maana namba ile haikuruhusiwa kuguswa na kidole kingine chochote. Wakubwa walijadiliana mlangoni. Mwishowe askari mmoja alifunga rungu lake kwa kitenge chenye sura ya Mkuu, na kwa ncha ya rungu hilo akabonyeza tisa, sifuri, sifuri, sifuri. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na moja. Kule nje kelele zilikatika ghafla, na yule mama wa mandazi akabaki anaitikisa simu yake, anaita jina la mwanawe.

Dakika kumi na moja hizo ziliandikwa katika kumbukumbu za taifa kama Jaribio la Kupindua Namba.

*

Lakini picha ilikuwa imefika. Bingwa Makame aliisoma kwa dakika mbili kama alivyoahidi, akaandika jibu. Hapo ndipo nikajua kwamba hata wema kwetu hufungwa kamba na kanuni. Jibu lolote la Serikali kwetu lazima liwe kwenye karatasi yenye picha ya Mkuu, ya rangi, medali zote zionekane. Bila picha hiyo jibu, hata la mdomo kwenye simu, huhesabiwa kuwa uvumi, na uvumi ni miaka saba. Bingwa aliweka picha. Picha ilikuwa nzito. Akatuma, elfu tisa ikaitupa njiani, kimya.

Alikuwa anajaribu mara ya tano askari walipoingia ofisini kwake. Picha aliyoisoma iliitwa picha ya magendo, na jibu lake likaitwa zao la magendo. Simu yake ikachukuliwa. Wakamleta kwenye Kamati, yeye na karatasi yake, ili jibu lipitiwe. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Alisimama mlangoni na koti lake jeupe, mzee wa watu, nywele zote mvi. Waziri akamnyooshea mkono bila kumtazama, nami nikaipokea karatasi kwa niaba yake niiingize kwenye rejista. Robo tatu ya karatasi ilikuwa uso wa Mkuu na medali zake. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, kulikuwa na maneno matano: "Toboa kushoto, juu ya sikio."

Bingwa Makame alinitazama. Akaitazama simu yangu iliyokuwa mezani, maana karani wa Kamati hanyang'anywi simu. Kisha akanitazama tena. Alikuwa na askari kila upande, lakini nilimwelewa, tena vizuri sana.

"Mheshimiwa," nikasema, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kitu ambacho si swali la mhtasari, "maneno yenyewe ni matano tu. Kwa ujumbe wa simu yanapita."

"Bila picha ya Mkuu?"

"Bila picha."

Mheshimiwa Ndomba akacheka, nikaona vipande vya maini kwenye fizi zake. "Karani, Karani! Wewe nilidhani ni mtu mzima. Jibu la Serikali bila picha ni uvumi, tena uvumi uliozaliwa na magendo. Unataka kuanza kutoboa vichwa vya watu kwa uvumi? Peleka hiyo Kamati Ndogo, waijadili Alhamisi."

Akasimama, akajinyoosha, akatafuta koti lake. Alikuwa anawahi uwanja wa ndege kumpokea Mkuu na jino lake. Alipofika mlangoni akageuka, uso umejaa huruma, na naapa huruma ile ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyonichefua kuliko maini.

"Lakini tusionekane hatuna utu. Mtumie mke wa marehemu salamu za pole."

"Hajafa, Mheshimiwa."

"Serikali makini haisubiri mpaka dakika ya mwisho. Itume sasa hivi, kwa simu yako, iwahi."

"Na picha ya Mkuu?"

"Pole si jibu, bwana. Pole ni hisia."

Akarudi akasimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni, aone inavyokwenda. Karatasi ya Bingwa ilikuwa chini ya kiwiko changu cha kushoto. Simu ilikuwa mkononi mwangu, namba ya Sikudhani kwenye skrini. Niliandika: "Serikali inakupa pole kwa msiba mzito wa kufiwa na mumeo." Nikatuma. Ilifika hapohapo.

Na hapohapo majibu yakarudi.

"Pole ya nini jamani? Bado anapumua. Daktari anauliza mmesema upande gani."

Mheshimiwa Ndomba aliyasoma juu ya bega langu. Akanipiga mgongoni kwa furaha. "Umeona? Imekwenda na kurudi, sekunde mbili! Halafu wanatuambia mtandao mbovu. Andika hilo, Karani, andika kabla hujasahau."

Nikaweka simu chini, nikaandika: saa nane na dakika mbili, mtandao ulijaribiwa kati ya makao makuu na Mwishoni, ukaonekana mzima. Waziri akaondoka. Wajumbe wakaondoka. Bingwa Makame akachukuliwa, na mlangoni aligeuka mara moja tu kunitazama. Nilibaki peke yangu na simu, na karatasi, na saa ya ukutani.

Mtaniuliza kwa nini sikumjibu Sikudhani. Hata mimi nimejiuliza. Nina mke, nina watoto wanne, kiinua mgongo kinakaribia, ningeweza kuwapangia sababu mpaka kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa, na woga wangu ulikuwa unanuka, niliusikia kabisa, ni harufu ileile ya chumba kile. Nilikaa nikaunakili mhtasari kwa mwandiko safi, kurasa sita. Simu iliwaka mara tatu. Sikuiangalia.

Saa tisa kamili Daktari Elisifa alichoka kusubiri, akachagua upande mwenyewe. Alichagua kulia.